Habari za gemu: tufuate chaneli za tetesi, tovuti zenye wahariri au taarifa za kampuni zenyewe?

Mzee wa Pedi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi, naomba tulinganishe kwa makini njia tatu ambazo wengi wetu tunapata habari za michezo ya video, kwa sababu vijana wanaokuja kucheza kwenye kibanda changu hubishana hadi kukosana juu ya mambo ambayo hayajatangazwa na mtu yeyote. Njia ya kwanza ni chaneli za YouTube na TikTok za watu binafsi wanaojiita wanahabari wa gemu. Ya pili ni tovuti zenye wahariri, kama vile IGN na Eurogamer. Ya tatu ni taarifa za kampuni zenyewe.

Mfano ulio karibu ni GTA VI, mchezo wa kampuni ya Rockstar. Januari 2025 mchambuzi Matthew Ball aliandika katika ripoti yake kwamba wapo watu katika tasnia wanaotumaini kuwa mchezo huo utauzwa kwa dola 80 hadi 100. Alieleza matumaini ya wafanyabiashara; hakutangaza bei. Muda si mrefu video zikaanza kusambaa zikidai kwamba bei ya dola 100 ni ya hakika. Moja niliyoitazama hadi mwisho ilikuwa na mshale mwekundu, uso uliotumbua macho na neno “IMETHIBITISHWA” kwa herufi kubwa, lakini jina la mchambuzi huyo halikutajwa hata mara moja, na chanzo pekee kilichoonyeshwa kilikuwa picha ya skrini ya video nyingine. Je, mtu mwenye bando dogo na muda mchache afuate nini?

Binti Mtwapa

Mimi nachagua tovuti na magazeti yenye wahariri, tena bila kusita, na nitatumia mchezo huohuo kueleza sababu. Julai 2022 Jason Schreier wa Bloomberg aliandika kwamba GTA VI ingekuwa na mhusika mkuu mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kwamba ingechezwa katika mji wa kubuni unaofanana na Miami. Trela ya kwanza ilipotoka Desemba 2023, mambo hayo mawili yalionekana wazi. Mwandishi wa aina hiyo huzungumza na wafanyakazi kadhaa wasiotaka kutajwa, hulinganisha maelezo yao, huiomba kampuni itoe kauli, kisha mhariri humhoji yeye mwenyewe kabla habari haijachapishwa. Mwenye chaneli ya tetesi hana anayemuuliza “umejuaje?”, na akikosea hufuta video akaendelea na nyingine.

Fundi Konsoli

Dada Binti Mtwapa, hoja yako nzito, lakini hata hao wenye wahariri wametupotosha. Mwaka 2021 Bloomberg iliripoti kwamba Nintendo ilikuwa ikiandaa toleo jipya la Switch, mashine yake ya kuchezea gemu, lenye uwezo wa kutoa picha za 4K, yaani kali zaidi, kwenye televisheni. Tarehe 6 Julai mwaka huo Nintendo ikatangaza Switch yenye skrini bora zaidi ya aina ya OLED, lakini isiyokuwa na 4K. Uwezo huo tuliuona katika Switch 2, iliyoingia sokoni tarehe 5 Juni 2025. Najua wateja waliokataa kununua mashine nzuri kwa miaka kadhaa wakisubiri iliyotajwa kwenye habari, na kwa bei za huku kwetu kusubiri hivyo si jambo dogo.

Tena hata karatasi halali ya kampuni haitoshi. Septemba 2023, katika kesi ya Tume ya Biashara ya Marekani dhidi ya Microsoft, nyaraka za ndani zilivuja na kuonyesha mpango wa Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, iliyopewa jina la siri la Brooklin, ambayo ilikusudiwa kutoka mwaka 2024. Nyaraka zilikuwa za kweli, lakini mashine yenyewe haikutoka mwaka huo. Mwenye chaneli aliyesema “inakuja” na mwenye chaneli aliyesema “walipanga hivi, wanaweza kubadili” walisoma karatasi ileile, na ni huyo wa pili tu ninayeweza kumwamini tena.

Mpenda Ligi

Nakubaliana na Fundi, na ndiyo maana naona mada imegawanywa vibaya. Tusiwabeze watu binafsi kwa sababu tu hawana ofisi. Msomaji wa Kiswahili anayetaka maelezo ya gemu kwa lugha yake, mara nyingi atayapata kwa kijana mwenye simu na maikrofoni, na wapo wanaofanya kazi hiyo kwa uadilifu: husema “hii ni tetesi” mwanzoni, huweka kiungo cha chanzo, na hurudi kusahihisha. Wakati huohuo magazeti ya kizungu tunayoyasifu yanadhoofika. Gazeti la gemu la Game Informer, lililoanza mwaka 1991, lilifungwa Agosti 2024, likafufuliwa Machi 2025 chini ya mmiliki mwingine. Tovuti ya Polygon iliuzwa kwa kampuni ya Valnet Mei 2025 na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Waandishi wakiondoka, habari zinaandikwa na nani?

Tutazame pia fedha, kwa kuwa hapo ndipo chumvi inapotiwa. YouTube huruhusu matangazo ya katikati kwa video zenye urefu wa kuanzia dakika 8. Kabla ya Julai 2020 kiwango kilikuwa dakika 10. Habari inayoweza kusemwa kwa sentensi moja, kwa mfano “mchezo umeahirishwa hadi Novemba”, haiwezi kujaza muda huo bila kuongezewa historia, dhana, na maswali yasiyo na majibu. Anayelipwa kwa muda wa watazamaji hana sababu ya kifedha ya kusema kwamba leo hakuna jipya.

Mwana wa Bukavu

Kuna kundi la nne ambalo hamkulitaja, nalo ni tovuti zinazoandikwa na mashine. Julai 2023 wachezaji wa gemu la World of Warcraft kwenye jukwaa la mijadala la Reddit waligundua kwamba tovuti moja ilikuwa ikigeuza mijadala yao kuwa makala. Wakakubaliana kusifu kitu kisichokuwapo kabisa, wakakiita Glorbo, na mmoja akaandika waziwazi kwamba anatamani tovuti kubwa zinazoendeshwa na roboti zichapishe makala kuhusu jambo hilo. Tovuti ya Z League ikachapisha makala ya kumsifu Glorbo, na sentensi hiyo ikanukuliwa ndani yake. Hilo liliweza kutokea kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeisoma kabla ya kuichapisha.

Bi Mkubwa wa Gemu

Wanangu, nawasoma kwa furaha, lakini nahofia kwamba Mzee wa Pedi ataishia kwenye taarifa za kampuni peke yake. Kampuni husema inalotaka lijulikane. Novemba 2015 tovuti ya habari za gemu ya Kotaku ilieleza kwamba kampuni za kutengeneza gemu za Bethesda na Ubisoft zilikuwa zimekata mawasiliano nayo baada ya kuchapisha habari za michezo ambayo haijatangazwa. Habari zile zilikuwa za kweli, na kosa lake lilikuwa kutoka mapema. Kampuni haitatuambia kwa hiari kwamba wafanyakazi wake wanakeshwa kazini, au kwamba mradi umevunjika.

Jambo jingine linaloniumiza ni hasira inayopandishwa kwa makusudi. Mei 2016 Schreier aliripoti kwamba mchezo wa No Man’s Sky ungechelewa, akatumiwa vitisho vya kuuawa. Studio ilipothibitisha kuwa tarehe ya Juni imesogezwa hadi Agosti, Sean Murray aliyeuongoza mchezo huo naye akatishiwa vivyo hivyo. Wiki chache za kusubiri! Watu waliolishwa ahadi kubwa kila siku huona kuchelewa kama kuibiwa, na wanaowalisha ahadi hizo hawaulizwi.

Mzee wa Pedi

Shikamoo Bi Mkubwa, nimekuelewa, na nawashukuru nyote. Basi nigawe hivi: tarehe na bei nizisome kwa kampuni, mambo ya ndani ya studio nimwachie mwandishi mwenye mhariri, na chaneli nizifuate zile tu zinazoonyesha zilikopata habari. Swali lililobaki ni la vijana wangu: kila wiki wanaambiwa GTA VI imeahirishwa tena. Nitazame wapi?

Binti Mtwapa

Tazama tovuti ya Rockstar na taarifa za fedha za Take-Two, kampuni mama, ambazo hutoka mara nne kwa mwaka: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Tarehe ya 26 Mei 2026 ilitangazwa tarehe 2 Mei 2025, wiki mbili hivi kabla ya taarifa ya fedha. Na ile ya 19 Novemba 2026 ilitangazwa tarehe 6 Novemba 2025, siku ileile ya taarifa yenyewe. Wenye hisa hawawezi kufichwa jambo kubwa kama hilo, kwa hiyo kijana akija na video kati ya mwezi mmoja na mwingine wa hiyo, mwombe akuonyeshe tangazo lililotajwa humo, kisha mlisome pamoja.