Mjadala: Pesa ya ziada kwa gari ya anasa hapa Unguja, inanunua nini?

Msafiri wa Kwerekwe
Kisiwa chote ukikipima urefu ni kilomita 85 hivi. Sasa mtu anaiacha Rav4 anaongeza pesa achukue Range Rover au BMW, anakwenda nayo wapi? Mie naona wananunua heshima ya barazani. Hata Harrier siku hizi imeingizwa kwenye anasa, na ile ni Toyota tu.

Baraza la Kikwajuni
Hapo kwenye Harrier umeteleza, yakhe. Harrier iliyotoka 1997 ndiyo hiyo hiyo iliyouzwa nje ya Japani kwa jina la Lexus RX, na Lexus ni nembo ya anasa ya Toyota. Kizazi cha pili vile vile. Ile ya 2013 ndiyo iliyokuja ikiwa Toyota peke yake. Usiseme "Toyota tu".

Bi Mkubwa wa Wete
Nyote mnazungumza nembo. Watu wananunua utulivu ndani ya gari, kelele zibaki nje. Mipira ya milango mizito, vioo vinene, kiti kinachoshika kiuno. Anayepanda gari kila siku huku kwetu Pemba, Chake mpaka Konde, mgongo wake unajua tofauti, na hilo si heshima ya baraza.

Mnadani
Muulizaji anadhani ziada inalipwa siku ya kununua. Gari ya Ulaya huko Japani hushuka bei haraka, ikishazeeka inakaribiana na Rav4 ya umri wake. Ziada inakuja baadaye, kwenye spea. Chukua Range Rover yenye mipira ya upepo badala ya springi. Mpira mmoja ukipasuka nyufa, asubuhi gari utaikuta imelala upande. Ukiiacha hivyo, kompresa inajaza upepo bila kupumzika mpaka inaungua, na kifaa kimoja kimeshakuwa viwili. Paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio ya mabomba. Panapotoa mapovu ndipo pa kutengeneza, kabla hujagusa kompresa. Lakini mafundi wetu wengi hata kupima hawapimi, wanakimbilia kufunga springi za chuma na taa ya dashibodi inabaki inawaka.

Fundi Ng'ambo
"Mafundi wetu wengi" ndio akina nani? BMW zinafika gereji zimeshachemka. Tangi la maji ni la plastiki, nyumba ya themostati (kilango kinachoruhusu maji kupita injini ikipata moto) plastiki, na nyingi za kuanzia 2005 zina pampu ya maji ya umeme. Pampu inayozungushwa na mkanda huvuja au hulia kabla haijafa. Ya umeme inasimama tu, na mwenye gari anaendelea kwenda. Tena ameshajaza maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), njia za maji zimekula kutu. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ni alumini, ikichemka hata mara moja inaweza kupinda, na gasketi iliyo chini yake ikaungua. Mwisho wa yote lawama kwa fundi!

Mnadani
Nimesema wengi, sikusema wote. Na wapo wanaomwambia mteja oili ya gia boksi haibadilishwi maisha.

Fundi Ng'ambo
Hilo limeandikwa na viwanda vya magari, halikutoka gereji. ZF wanaotengeneza gia boksi zenyewe wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwenye ile ya gia sita, sahani ya chini ya plastiki imeshikana na chujio, inatoka nzima na inaingia mpya. Kiwango cha oili kinapimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa baina ya nyuzi joto 30 na 50 za Selsiasi. Ukipima ikiwa moto zaidi oili imetanuka, utadhani imejaa kumbe pungufu, na gia zitaanza kugonga. Nani kakwambia hatuyajui haya?

Bi Mkubwa wa Wete
Fundi, hasira weka kando, hilo la nyuzi watu walishike. Na chumvi ya baharini jamani? Gari inayolala pwani ioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chasisi na mabomba ya breki, si boneti tu.

Baraza la Kikwajuni
Harrier inavumilia hayo yote.

Fundi Ng'ambo
Haivumilii. Inaoza chini kama nyengine.

Msafiri wa Kwerekwe
Basi kama Harrier ni Lexus, ya kizazi cha pili nichukue injini ya lita 2.4 au 3.0?

Fundi Ng'ambo
2.4 ina cheni ya taimingi, ile inayofungua valvu kwa wakati wake, na plagi zote nne zipo juu, mkono unafika. Ila angalia kijiti cha oili kila wiki, injini ile ikichoka ringi za pistoni inakunywa oili. 3.0 ni laini zaidi, lakini badala ya cheni ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na plagi tatu za nyuma huzifikii vizuri mpaka ufungue njia ya hewa ya juu. Uliza mkanda ulibadilishwa lini. Kama muuzaji hana jibu, ondoa bei ya mkanda na pampu ya maji kwenye pesa yake.

Baraza la Kikwajuni
Chukua 3.0.