Tupeane uzoefu: mimea ya kufukuza mbu uani, nani imemsaidia kweli?

Kuruta wa Bustani

Wakuu, someni mpaka mwisho ndipo mnicheke.

Naishi Tabata, nyumba ya kupanga, uani pana nafasi ya kuanika kanga nne hivi. Mwaka jana masika yalipokata, mbu walituvamia mpaka ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni watoto tunawaswaga ndani kama kuku. Dawa ya kuchoma inamkohoza mdogo, ya kupuliza inaisha kabla ya mshahara. Shemeji yangu akanirushia video: panda mchaichai, mrehani na rozimari, mbu hasogei. Nikaenda wanapouza miche kando ya barabara, nikabeba michaichai minne, mirehani mitatu, rozimari mbili, na kimche kimoja cha jamii ya jeranium chenye majani ya kuchanikachanika yanayonukia ndimu. Muuzaji anakiita "mti wa mbu". Hicho peke yake shilingi 15,000. Akaniapia: "Weka dirishani bosi, mbu watahama mtaa."

Nikavipanga kwa mstari. Kila chungu na kisahani chake chini, maana mama mwenye nyumba hataki kuona tope kwenye sakafu yake. Namwagilia asubuhi, namwagilia jioni, najiona bwana shamba.

Mwezi wa pili tangu nipande, mbu wameongezeka. Aliyegundua ni mke wangu. Aliinua chungu cha mrehani afagie, akaniita kwa ile sauti ya "hebu njoo uone miti yako". Kwenye kisahani kuna maji ya kina cha kidole, na ndani viluwiluwi wanajipindapinda, wanashuka chini ukiwapiga kivuli, halafu wanapanda tena kuvuta pumzi. Vyungu kumi, visahani kumi. Saba vilikuwa na wapangaji.

Basi tupeane uzoefu. Ambaye mmea umemsaidia aseme ni upi, aliutumiaje, na yuko wapi. Aliyepata hasara kama mimi naye aseme. "Nimesikia kwamba" tuziache, tunazo za kutosha kwenye magrupu ya familia.

Binti wa Muheza

Pole kaka. Mrehani hauna kosa, kosa ni kuuacha umekaa tu ukitegemea ufanye kazi wenyewe. Harufu iko ndani ya jani. Mpaka uliguse, ulivunje au ulifukize ndipo inatoka. Mmea uliotulia chunguni mbu anaupita kama anavyopita nguzo ya umeme.

Bibi yangu alikuwa na kivumbasi nyuma ya jiko, kile chenye vinyweleo ambacho ukikifikicha unadhani umeshika karafuu. Magharibi anavunja matawi matatu, anayapigapiga kiganjani mpaka yanalegea. La kwanza anafagilia chini ya kitanda na kwenye pembe, anamtoa mbu aliyejificha tangu asubuhi. La pili anachomeka kwenye upenyo kati ya ukuta na paa, maana nyumba zetu za udongo mbu anaingilia huko zaidi kuliko mlangoni. La tatu linawekwa juu ya makaa yanayokaribia kuzima, si kwenye moto unaowaka, litoe moshi taratibu.

Saa tatu, saa nne hivi, harufu imekwisha. Hapo bibi anashusha chandarua. Watu wakisimulia dawa za bibi zao chandarua wanakiruka. Bibi alikuwa nacho, mama alikipata kwa hati punguzo alipokuwa na mimba ya mdogo wangu.

Kuruta wa Bustani

Dada, huo moshi na mtoto mwenye kifua inakuwaje?

Binti wa Muheza

Unafukiza kabla hawajaingia kulala, madirisha wazi, halafu chetezo unakitoa nje. Kama kifua chake ni cha kubana, moshi achana nao kabisa. Fagia na tawi bichi tu.

Jongoo wa Kigogo

Mimi nilifuata ile ya ndimu na karafuu. Unakata ndimu katikati, unachomeka karafuu kama unapamba keki, unaweka mezani. Asubuhi nimeamka na mstari wa sisimizi kuanzia mlangoni hadi kwenye ndimu. Mbu nao walikuwepo, nadhani walikuja kuangalia sisimizi.

Sikukoma. Jumapili tunakwenda Kigamboni ufukweni, nikajipaka maji ya ndimu mikono yote, eti kinga. Tumeshinda juani tangu saa nne. Kesho yake mikono imeiva, keshokutwa malengelenge, na baada ya hapo nikabaki na michirizi myeusi wiki kadhaa. Kazini wakawa wananiuliza nimepigana na nani.

Sista Zamu ya Usiku

Jongoo, hiyo tunaiona mara kwa mara. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga, yanaunguza. Ndimu weka kwenye samaki.

Ndugu mwenye mada, wewe nina neno na wewe. Kisahani chenye maji safi ndiyo nyumba anayoipenda yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeleta dengi. Huyo anauma mchana, asubuhi na alasiri hasa. Mnakumbuka dengi ya 2014 hapa Dar, na ile ya 2019? Watu walikuwa wanalala kwenye chandarua vizuri kabisa, halafu wanaumwa saa tatu asubuhi wakiwa dukani. Kwa hiyo kivumbasi cha magharibi kinamkuta mbu wa malaria njiani, lakini huyu wa dengi ameshakula na kuondoka. Yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja, wiki na nusu, na joto la Dar linamharakisha. Ukimwaga visahani mara moja kwa wiki na kuvisugua kingo (mayai yanagandia ukutani, kumwaga peke yake hakutoshi), umemkatisha. Au jaza mchanga kwenye kisahani: maji ya ziada yananyonywa na mchanga, mbu hana pa kutagia, na sakafu ya mama mwenye nyumba inabaki safi.

La pili, maana najua litakuja: artemisia. Ni kweli dawa mseto ya malaria asili yake ni mmea huo, na mama wa Kichina Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kuupanda uani hakumzuii mbu, na chai yake siyo mseto. Shirika la Afya Duniani halishauri kuitumia kutibu wala kuzuia malaria. Nimepokea mtoto wa miaka mitatu ameletwa na degedege, mama amemnywesha chai siku nne akiamini anamtibu. Alipona, lakini ule usiku siusahau.

Na mafuta ya mkaratusi unaonukia limau, yale yaliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kupaka, hayo yanafukuza mbu kwa saa kadhaa. Ila si kwa watoto chini ya miaka 3, na si sawa na kuchuma jani la mkaratusi ukajisugulia.

Mnyalukolo

Nyie wa pwani mna kivumbasi, sisi Mufindi tuna pareto, na pareto ndiyo baba yao. Dawa za kuchoma za mwanzo zilitengenezwa kwa unga wake, na dawa zinazopakwa kwenye vyandarua leo zimeigizwa kwenye sumu yake.

Lakini niwaambie mtu aliyeichuma. Ua la pareto likiwa shambani halimfanyi mbu kitu. Nimelala kibandani katikati ya shamba la pareto, nimeumwa. Jani ni bure kabisa. Sumu imo kwenye kichwa cha ua, pale penye njano, na lazima uchume likiwa limekomaa, ulikaushe, ulisage. Mama alikuwa ananyunyizia unga wake kitandani na kwenye banda la kuku, sababu kwetu baridi inawapunguza mbu, adui zetu walikuwa viroboto na kunguni. Na jua linaiua nguvu yake. Kuna mwaka baba alisahau unga kwenye jamvi siku tatu, tulipoutumia viroboto wakaucheza kama vumbi.

Mjomba yuko Kilombero, nilimpelekea mfuko wa maua makavu. Akayachoma jioni barazani. Anasema moshi ukiwepo mbu wanaanguka, moshi ukiisha wanarudi. Na moshi wake unakereketa koo, msidanganyike na neno asili.

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Wanangu, nyie mmeshughulika na majani. Mimi nimekulia Makunduchi, na mrehani kwetu haukosekani, wa kikuba, wa harusi, wa kila kitu. Na mbu walikuwepo. Mbu wetu wengi walikuwa wa chooni, wale wa maji machafu, waliokuwa wakituenezea matende na mabusha.

Mwaka 1988 walikuja watu wa afya wakamimina chembe nyeupe kwenye vyoo vya shimo vyenye maji, nyepesi, kama zile zinazokuja kwenye boksi la televisheni. Zinaelea, zinatanda juu ya maji kama ukoko wa wali, kiluwiluwi hawezi kuvuta pumzi na mbu hapati pa kutaga. Tulikuwa tukicheka, eti wametuletea theluji. Lakini mbu wale walipungua, sikufichi, tukaanza kukaa barazani baada ya isha. Na watu walipewa na dawa za kumeza.

Mrehani wangu bado ninao, nautia nyweleni. Mbu natafuta anakozaliwa.

Kuruta wa Bustani

Shikamoo Bi Mkubwa. Hiyo ya mwisho naomba kuiba.

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Marahaba mwanangu. Usiibe, chukua.

Nyar Nam

Hamjambo, mimi niko Homa Bay, Kenya. Kule Mbita kando ya ziwa kuna kituo cha utafiti wa wadudu, na waliwahi kujaribu jambo hilihili: mimea hai kwenye vyungu, kivumbasi na lantana ikiwemo, ndani ya vibanda vya majaribio wakiwa na watu wamelala humo. Mbu wa malaria walipungua kama theluthi moja hivi. Si haba. Lakini hesabu mwenyewe, kati ya mbu watatu wawili bado wanakuja kwako.

Mimi nikapanda lantana ua mzima. Inashika haraka, inachanua vizuri, ukipita inakukwaruza na kukunukia. Jioni kweli niliona nafuu upande wa dirisha la chumba. Kisha mbuzi wa jirani akaila. Lantana ni sumu kwa mifugo, mimi sikujua. Masikio yalivimba, ngozi ikaanza kuchubuka juani, macho manjano. Alikufa siku ya tano. Nililipa mbuzi, nikang'oa ua, na bado inachipua mpaka leo. Mwenye mifugo jirani asiiguse.

Mhaya Mpole

Bukoba hapa. Mmeongelea mimea inayofukuza, hakuna aliyetaja inayofuga. Baada ya mvua nenda kwenye mgomba, tazama pale jani linapokutana na shina: kuna maji. Magimbi vilevile, mananasi vilevile. Nilichukua bomba la sindano nikanyonya maji ya mgomba mmoja nikamimina kwenye glasi, watoto wakahesabu viluwiluwi kumi na wanne. Sasa mimi siwezi kukata migomba, nitakula nini? Nimesogeza tu magimbi mbali na dirisha.

Kuruta wa Bustani

Nimerudi na mrejesho, wiki tatu baadaye.

Visahani vyote vina mchanga. Pipa la maji nimelifunga kwa kitambaa cha chandarua kilichochanika na mpira. Kivumbasi nimepata kwa mama mmoja wa sokoni, anauza fungu 500, akanishangaa nataka chenye mizizi. Mke wangu anafagilia chini ya kitanda kila magharibi na sasa anasema harufu ile inamkumbusha kwao. Mbu wamepungua, mchana hasa. Usiku chandarua.

Michaichai imehamia kwenye chai.

Ule mti wa mbu wa 15,000 juzi nilikaa nao karibu, saa kumi na mbili jioni, nione kazi yake. Akaja mbu mmoja, akazunguka, akatua juu ya jani lenyewe, akainua miguu ya nyuma akapumzika. Nimempiga picha.

Kilichobaki ni matairi matatu ya fundi pikipiki nyuma ya ukuta. Yana maji tangu masika. Nimemwendea mara mbili kwa heshima, mara zote ananijibu "nitayatoa kaka", ananipa kigoda nikae, tunaongea mpira, naondoka matairi yako palepale. Mwenye uzoefu wa jirani wa namna hii?