Baga ya sangara bila mkate: nishikie kwa mboga gani?

Wapendwa, naombeni ushauri. Mzee wangu ana kisukari, kaambiwa apunguze mkate, na baga ndiyo ugonjwa wake. Nyama hainisumbui: nachukua minofu ya sangara mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, nasaga, natia kitunguu, tangawizi, giligilani na yai, nakaanga hadi ishike rangi. Kazi ipo kwenye cha kushikia. Bilinganya, hata nikiitia chumvi itoe maji kwanza, inakunywa mafuta yote na kulegea, mchuzi unamtiririka hadi kwenye viwiko. Kabichi mbichi inapasuka. Niichovye kwenye maji ya moto? Au bilinganya niichome mkaani bila mafuta, na unene uwe kiasi gani? Viazi vitamu msinitajie, navyo ni wanga.