Programu ya feni ya laptopu ya ThinkPad: kutoka Linux kwenda FreeBSD

mtumba_T430: Wakuu, habari za jioni. Nina programu huria ndogo ya C niliyokuwa naitumia Linux: inasoma joto kwenye /proc/acpi/ibm/thermal, inapandisha na kushusha feni. Sasa nimehamia FreeBSD (mfumo endeshi mwingine) na nataka nihame nayo. `make` ya huku iligoma, nikaweka gmake (make ya GNU, ile ya Linux), ikakompaili bila neno. Ile /proc/acpi/ibm huku haipo, kwa hiyo joto nalisoma dev.cpu.0.temperature kwa sysctlbyname (kazi ya C inayosoma thamani za mfumo), na feni naiamuru kupitia dev.acpi_ibm.0.fan_level. Kasheshe: programu inaniambia joto ni 3231! Feni inanguruma kama mashine ya kusaga na hata kivinjari sijafungua. Nikiandika sysctl kwenye terminali naona nyuzi 50 hivi. Dereva mbovu au?

bandari_salama: Dereva ni nzima, mkuu. Hizo ni sehemu za kumi za Kelvini. Gawa kwa 10, toa 273.15, unapata 49.95. Amri ya sysctl hukupigia hesabu kabla ya kuonyesha, sysctlbyname inakupa namba mbichi. Ukiipeleka OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, utakuta sehemu za milioni za Kelvini, kila nyumba na mizani yake.

mzee_wa_kerneli: Hesabu hiyo ni ya dakika mbili. Mimi naogopa kingine. Ili fan_level ikusikilize lazima uliweka dev.acpi_ibm.0.fan kuwa 0, yaani umeinyang'anya laptopu uongozi wa feni. Programu ikifa wakati fan_level iko 0, feni imezimwa na hakuna wa kuiwasha. Linux ina mlinzi: unaandika "watchdog 120" kwenye /proc/acpi/ibm/fan, na zikipita sekunde hizo bila amri mpya, kerneli (kiini cha mfumo) inarudisha feni kwenye hali salama. Huku usimtegemee. Kamata SIGTERM na SIGINT (ishara za kuiambia programu isimame), urudishe fan kuwa 1 kabla ya kutoka.

mtumba_T430: Asanteni sana, feni imetulia. SIGTERM nimeshaiweka. Na mtu akipiga kill -9 (kuiua programu papo hapo) je?

mzee_wa_kerneli: Hiyo haikamatiki. Iendeshe ndani ya skripti ya sh (faili la amri zinazofuatana): mstari wa kwanza programu yako, wa pili `sysctl dev.acpi_ibm.0.fan=1`. Ikifa kwa namna yoyote, mstari wa pili unafuata. Na level 0 ifute kabisa kwenye kodi, anzia 1.