Dar mpaka Iringa kwa baiskeli: ya Japani mtumba au MTB?

Mwana Kigamboni:
Wakuu habari zenu. Mimi na mdogo wangu tumepanga mwezi wa saba tutoke Dar mpaka Iringa kwa baiskeli, kama kilomita 500 hivi, tunajipa siku tisa hatuna haraka. Kuna ya Japani mtumba nimeiona Kariakoo imetulia sana, ina keria, taa ya dinamo, stendi ya miguu miwili na gia tatu za ndani. Halafu kuna jamaa Mbagala anauza MTB (zile baiskeli za milimani) ya chuma, rangi imechakaa, gia 21, bei karibu sawa. Moyo umeangukia hiyo ya Japani. Mliowahi kusafiri mngechukua ipi? Na mzigo mnafungaje, maana dogo anasema tubebe mabegi mgongoni. Nisaidieni, hela yenyewe nimeidunduliza muda mrefu.

Fundi Tandika:
Mkuu kabla hujatoa hela inama usome ubavu wa tairi. Usimuulize muuzaji, soma mwenyewe ile namba yenye mstari katikati. Hiyo ya Japani nina uhakika utakuta 37-590, na MTB utakuta kitu kama 50-559, na zote mbili atakwambia "26 hiyo boss", yaani inchi. Hiyo namba ya mwisho ni kipenyo pale tairi inapokaa kwenye ringi kwa milimita, kwahiyo hapo kuna tofauti ya milimita 31, hata ulazimishe vipi haikai. Ya 28 ndo hivohivo, Phoenix wanazobebea mkaa ni 635 na za resi ni 622, majina sawa vitu tofauti. Mimi nilikwama Chalinze na Japani ya 27, ambayo ni 630, tairi imepasuka ubavu, nikazunguka kila duka wananionyesha ya Phoenix na ya MTB tu, ikabidi nilale pale tairi ije na basi kesho yake. Toka siku ile safari ndefu naenda na 559 basi, kila senta ya barabara ile utaipata.

Kingine valvu. MTB nyingi zina valvu kama ya gari, hata bodaboda akiwa na pampu anakujazia. Halafu hesabu spoku za nyuma, zikiwa 36 chukua, mpe fundi azikaze upya na ringi isicheze, na spoku nne za akiba za saizi ileile zifunge kwenye fremu kwa selotepu.

Mama Wawili:
Naungana na fundi ila mimi ningeanza na gia. Mdogo wangu unakijua Kitonga? Ukishatoka Ruaha Mbuyuni pale kwenye vitunguu barabara inaanza kukunja ikipanda tu, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda na wewe kwa mwendo wa kinyonga yanatoa moshi usoni. Gia tatu za Japani utasukuma mwanzo mwisho. MTB za gia 21 nyingi meno madogo mbele ni 28 na nyuma makubwa ni 28, yaani pedeli ikizunguka mara moja na tairi mara moja. Badilisha friwili, yale meno ya nyuma, tafuta ya 14-34, hapo utapanda umekaa, ila fundi aangalie kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kama kinafika.

Mabegi mgongoni hapana jamani, nakuomba. Siku ya kwanza kabla ya Mlandizi mgongo umelowa na makalio yanawaka. Mimi nilifunga ndoo mbili za lita 10 zenye mfuniko pembeni ya keria, kwa bolti, mvua haiingii na jioni ndo kiti. Vizito viweke chini kabisa, juu ya keria tandika kitu chepesi ufunge na mpira wa tyubu. Na sweta msiache, Iringa mwezi wa saba usiku ni baridi kwelikweli.

Dereva wa Fuso:
Mimi sio mtu wa baiskeli ila njia hiyo ndo kazi yangu. Kile kipande cha kukatiza hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 hivi, msikipite kwa baiskeli. Kuna simba, kuna nyati, na tembo anavuka barabara muda anaotaka. Mkifika Doma ombeni lifti ya pikap au fuso mpaka Mikumi mjini, madereva wengi watawabeba. Usiku msiwe barabarani kabisa, na mchana vaeni zile fulana za kung'aa, sisi juu huku baiskeli tunaiona mwishoni sana.

Mwana Kigamboni:
Nimerudi Kariakoo leo nikainama, kweli 37-590. Nimeiacha japo roho imeuma. Kesho naenda Mbagala na tochi nikahesabu spoku. Hiyo friwili ya 34 ninunue kwanza au nisubiri baiskeli?

Fundi Tandika:
Subiri baiskeli mkuu, hakikisha kwanza nyuma ni friwili ya kukaza kwa kuizungusha kwenye nyuzi za habu, zingine ni kaseti, zile gia za kuchomeka kwenye habu. Njoo nayo Tandika tuifungue pamoja na mdogo wako awepo, ajifunze kuziba pancha na kukata cheni.

Mwana Kigamboni:
Jumamosi tuko hapo.