Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaotaka ualimu: niwaandaeje bila kuwageuza vibarua?

Mwalimu wa Kata (Kilosa)

Habari za jioni wadau, hasa walimu wenzangu na wakufunzi wa vyuo.

Nafundisha Hisabati na Jiografia kwenye sekondari ya kata. Mwaka huu kidato cha tatu wamejitokeza tisa wanaosema wanataka kuwa walimu. Si wale wa "nikikosa kote nitaenda ualimu". Hawa wanataka kweli, na wawili kati yao ndio wanaoongoza darasa zima kwa Hisabati. Tukaanzisha klabu. Alhamisi baada ya vipindi mmoja anafundisha mada ya shule ya msingi, wenzake wanajifanya wanafunzi, kisha tunamkosoa.

Mwezi uliopita niliwapeleka shule ya msingi ya jirani kwa kibali cha wakuu wote wawili. Binti mmoja akapewa darasa la tatu, mada kutoa kwa kukopa. Akaandika ubaoni 42 − 17. Darasa likajibu kwa kelele: thelathini na tano! Akafuta, akaandika 25, akasema "jibu ni hili", akaenda swali la pili. Wakakosea vilevile. Mimi nimebanwa kwenye dawati la nyuma, magoti yanagusa kidevu, natamani kunyanyuka. Sikunyanyuka.

Hilo halinisumbui sana, ndilo la kufundishwa. Kinachonisumbua ni kwamba mwalimu mkuu wa pale kafurahi kupita kiasi. Darasa la pili lina watoto zaidi ya mia, na mwalimu wao yuko likizo ya uzazi. Sasa anataka nimpe wanafunzi wawili kila siku asubuhi "wapate uzoefu". Mkuu wangu wa shule haoni ubaya. Wazazi nao wanaona ni msaada wa bure.

Nikikubali, watakosa vipindi na mwakani wana mtihani wa taifa. Nikikataa, mlango wa ile shule utafungwa. Mliowahi kulea vijana wa namna hii mlipangaje? Na yule binti na 35 yake, mngemwelekeza nini? Nawasilisha.

Mhitimu wa Mtaani

Mkuu, huruma itakuponza. Mimi nina shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, na hivi ninavyoandika nauza kava za simu. Nimeenda usaili wa Sekretarieti ya Ajira, walimu wamejaa ukumbini mpaka nje, wengine na watoto mgongoni. Wewe unarefusha foleni tu. Hao wawili wa Hisabati waache waende uhandisi. Na huyo mwalimu mkuu amwombe mkurugenzi amletee mwalimu, tupo tele.

Mkufunzi wa Nyanda za Juu

Mwalimu, nianze na 35, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo. Lile jibu lina akili ndani yake. Mtoto katazama mamoja, kaona 2 na 7, katoa ndogo kwenye kubwa, kapata 5. Makumi, 4 toa 1, kapata 3. Hakubahatisha hata kidogo, na ndiyo maana darasa zima lilijibu kwa sauti moja. Binti yako alipofuta, alifuta ushahidi wote.

Siku nyingine mwambie aliache 35 ubaoni na aulize swali moja tu: "Umepataje?" Akishasikia, atoe vijiti. Mafungu manne ya kumi kumi yaliyofungwa mpira, na viwili pembeni. Amwite mtoto mmoja mbele, amwambie "nipe kumi na saba, anza na saba". Mtoto atampa viwili, atakwama, atamtazama usoni. Hapo binti anyamaze. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mwalimu mchanga, kwa sababu kimya cha darasani anakiona ni aibu yake. Akivumilia, kuna mtoto atafungua fungu mwenyewe bila kuambiwa, na kukopa kote kumeisha hapo.

Kuhusu klabu. Nimepokea mwaka wa kwanza wengi chuoni. Wanakuja na picha moja kichwani: mwalimu anaongea, watoto wanaitikia "ndiyooo". Tunawapa hatua za andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, kuanzia utangulizi na kuendelea. Wanazikariri vizuri sana. Halafu BTP, mazoezi ya kufundisha mashuleni, inafika, unamkuta mtu kamalizia nusu ya kipindi kwenye utangulizi, anaimbisha wimbo usiohusiana na mada. Kwa hiyo usihangaike kuwafundisha kujaza andalio. Chuoni watajaza mpaka wachoke. Wafundishe kumsikiliza mtoto anayekosea. Mmoja afundishe dakika kumi, wawili wakae pembeni na daftari, waandike watoto walisema nini. Alichosema mwalimu wasikiandike, hicho anakikumbuka mwenyewe.

Ombi la mwalimu mkuu: la kila siku kataa. Kubali mara moja kwa wiki, kwenye kipindi chenu cha michezo au klabu, na mwalimu mwenye darasa awemo ndani. Hayumo, hakuna somo, geuzeni mrudi. Wekeni kwa maandishi, wakuu wote wawili wasaini, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Bila karatasi, mwezi wa pili utawakuta vijana wako wanasahihisha madaftari ya darasa la pili.

@Mhitimu wa Mtaani, pole sana, na husemi uongo. Ila zamani tulikuwa tunapokea hata daraja la nne, na walioumia ni watoto darasani. Leo chini ya daraja la tatu hupiti. Ukiwaondoa wawili wanaojua Hisabati, anayebaki kufundisha Hisabati ni nani?

Mhitimu wa Mtaani

Anayebaki ni yule wa tempo, mwalimu wa muda, kamaliza kidato cha sita anasubiri JKT 😅 Wenzetu wa miaka ya 2006 na 2007 mnakumbuka walimu wa leseni? Form six kapikwa mwezi mmoja, kaletwa sekondari ya kata. Tuliwaita vodafasta, yaani wa chapchap. Wa kwetu Kemia alikuwa anaijua vizuri, ila akiulizwa swali anakasirika.

Mzee wa UPE

Habari zenu wanangu. Nimesoma huku natabasamu, maana kibarua mnayemzungumzia ni mimi.

Azimio la Musoma lilipopita Novemba 1974, kwamba watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977 badala ya 1989 (ndiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote), walimu walikuwa hawapo. Tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba. Nilianza kufundisha darasa la kwanza kijijini kwetu ndevu hazijaota, mdogo wangu kakaa mstari wa mbele. Sehemu ya siku unafundisha, sehemu unafundishwa. "Mwalimu wa UPE" limekuwa tusi mpaka leo, nalijua.

Nikwambie tofauti ilikuwa wapi. Kata yetu mratibu wa elimu alikuwa anakuja. Anaegemeza baiskeli mwembeni, anakaa nyuma, haandiki neno. Jioni anakuuliza: "Yule mtoto wa dirishani umemwita mara ngapi leo?" Unabaki kumeza mate. Kata ya jirani mratibu alikuwa haonekani. Wenzangu kule walikuwa vijana wazuri, wenye bidii kunizidi, lakini mtu wa umri ule ukimwachia watoto themanini peke yake atakimbilia fimbo, hana kingine mkononi. Wengine hawakuiacha mpaka wanastaafu. Nilipewa cheti cha ualimu Daraja C, la chini, nikajiendeleza mpaka A.

Kwa hiyo mwanangu, alichosema Mkufunzi kuhusu mwalimu kuwemo ndani, hapo simama. Huyo mwalimu mkuu si mtu mbaya, ana shida. Na sisi tulichukuliwa na watu wenye shida.

Wa Lubumbashi

Jambo bandugu. Kwetu Kongo hii jambo iko ndani ya sekondari yenyewe. Mtoto anachagua pedagojia kama vile mwingine anachagua biashara ao sayansi. Anasoma saikolojia, anasoma namna ya kufundisha, mwaka wa mwisho anaenda staji kwa shule ya msingi, anatoa somo mbele ya juri. Akipita Mtihani wa Serikali anapata D6, diploma ya kumaliza sekondari, anaweza kufundisha msingi. Mimi nilipitia hapo.

Staji ilinisaidia sana. Lakini wengi kwa darasa letu walichagua pedagojia juu hesabu iko kidogo kule. Kisha ni wao wanatumwa kufundisha watoto hesabu! Mwalimu wa Kilosa, hao wawili wako uwashike nguvu.

Ticha wa Kakamega

Huku Kenya P1, cheti cha ualimu wa msingi, ilishaondolewa, sasa ni diploma ya miaka mitatu na lazima uwe na wastani wa C kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Grade 10 wa kwanza wa mtaala mpya wameingia sekondari ya juu 2026 na njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Ya ualimu haipo. Kwa hivyo klabu kama yako ningeipenda hapa kwetu. Swali tu: wazazi wa hao tisa wamejua? Si wale wa shule ya msingi, wa hao tisa. Mmoja akigongwa na bodaboda akienda huko, utaitwa wewe.

Mwalimu wa Kata (Kilosa)

Asanteni sana. Mzee, shikamoo, maneno yako nitamsomea mkuu wangu kama yalivyo.

Barua ya makubaliano nimeanza kuiandika: Jumatano tu, kipindi cha michezo, mwalimu wa darasa ndani. Ticha, umenikumbusha jambo, fomu za wazazi zinatoka kesho. Darasa la pili sitalichukua. Badala yake mkuu wangu kakubali tumsindikize mwalimu mkuu kwa Afisa Elimu Kata akaombe mtu wa kushikilia mpaka likizo iishe. Mhitimu, kama uko karibu na Kilosa nitumie ujumbe; ni kujitolea, sikudanganyi, posho ni ya wazazi.

Mkufunzi, moja la mwisho: hao wanaokaa pembeni niwaandalie fomu ya kujaza?

Mkufunzi wa Nyanda za Juu

Usiandae fomu. Wakunje ukurasa wa daftari katikati. Kushoto mtoto alisema nini, kulia mwalimu akajibu nini. Upande wa kulia ukiwa mtupu, mna cha kuzungumza Alhamisi.