Naomba ushauri: kutoa mfupa wa uume wa panya buku bila kuupoteza

Shikamooni wakubwa, na walimu wenzangu habari za kazi. Nafundisha baiolojia kidato cha sita, Kigoma. Kwenye mifupa ya mbwa koko tuliyosafisha, wanafunzi wamekuta kimfupa kisichoungana na kingine chochote, chenye mfereji upande wa chini ambamo njia ya mkojo hupita. Ndio mfupa wa uume. Darasa limechangamka (na vicheko havikosekani), wanataka kulinganisha wanyama: walrasi (mnyama mkubwa wa bahari za kaskazini) anao wa kama sentimita 60, sokwe mtu wa Gombe hapo jirani wa milimita chache tu, fisi madoa hana, nasi hatuna.

Nimejaribu panya buku. Kuchemsha kulifaa kwa mbwa, ila kwa panya gegedu ya nchani inalainika na kufumuka, na kinachobaki kinapotelea sufuriani. Kuwaachia siafu wale nyama ndio kabisa, wanakibeba.

Je, nitumie sabuni ya unga yenye vimeng'enya au niloweke tu hadi nyama ioze? Na kutokuwepo kwa mfupa huu kwa binadamu nikuelezeje? Wapo wanaohusisha na tendo kuwa fupi na ushindani wa madume kupungua, lakini sokwe mtu humaliza kwa sekunde chache na mfupa anao.